Injeksiyo kwa pikipiki ya zamani: tufikiri mbele ya kutoa makuta

Kuko neno linalozunguka kati ya vijana wetu, toka Rubaya na Mushaki mpaka Walikale. Kijana anafungua telefone, anaona Mmarekani mwenye pikipiki ya mashindano ya miaka ya 1970. Yule mzee anaondoa karbiratere zote nne, anatia injeksiyo ya elektroniki, na pikipiki inaruka kama swala. Kisha kijana anageukia ile Boxer ao TVS ya nyumbani, iliyonunuliwa kwa koltani ya miaka mingi, na anasema: "Papa, na sisi tubadilishe. Itakula esansi kidogo, na itapanda mulima bila kukohoa."

Hatumcheki kijana huyo. Ameona tatizo la kweli, na wengi wetu tunalilipia kila siku bila kulijua jina.

Karbiratere ni chombo cha akili ndogo. Hewa inapita ndani kwa mbio, inavuta esansi kupitia jikleri, kile kishaba chenye kitundu kidogo katikati. Kitundu hakibadiliki. Waliokitoboa huko kiwandani India hawakufikiria Masisi. Maji ya ziwa Kivu peke yake iko kwenye urefu wa mita 1 460 juu ya bahari, na pale Goma hewa imekwisha kupungua karibu sehemu moja kwa sita. Ukipita Sake na kupanda, unavuka mita 2 000, hewa inapungua karibu sehemu moja kwa tano. Lakini esansi inaendelea kuingia karibu kama vile tungekuwa Mombasa. Ndiyo ule moshi mweusi, ndiyo ile bujii nyeusi kama masizi ya chungu. Motari anasema pikipiki imechoka. Haijachoka, inakunywa kupita vile inaweza kuunguza.

Tena kuko hatari ya upande wa pili, ambayo watu wachache wanaisema. Fundi wa Masisi anaweza kutia jikleri ndogo, pikipiki ikawa nzuri sana mulimani. Siku motari anapata koruse ya Walikale, anashuka mpaka chini ya mita 1 000, hewa inakuwa nyingi na esansi inabaki kidogo. Injini inachemka, bujii inakuwa nyeupe, na kama mzigo ni mzito, piston inaweza kukwama katikati ya pori. Sisi tunaoishi kwa barabara hii moja tuko na nchi mbili za hewa.

Injeksiyo inajua mambo hayo. Kalkilateri, ni kusema kompyuta ndogo, inapima nguvu ya hewa, joto, na namna mkono umefungua gazi, kisha inafungua injekteri kwa muda wa elfu chache za sekunde, esansi inatoka sawasawa na hewa iliyoingia. Ukipanda inapunguza, ukishuka inaongeza, hakuna mtu anayegusa tournevis. Huko India, tangu tarehe 1 Aprili 2020, sheria mpya ya moshi imesukuma karibu pikipiki zote mpya kwenye injeksiyo. Nyingi zinazofika kwetu zingali na karbiratere, lakini za injeksiyo zitakuja, tutake tusitake.

Basi kijana iko na haki? Kwa sayansi, ndiyo. Kwa makuta ya nyumba yake, hapana, na hapa tunaomba wazazi wasome polepole.

Tuangalie kwanza yule Mmarekani. Mashindano yake ni ya mita 402, mstari mmoja ulionyooka, sekunde chache na imekwisha. Karibu na mji wa Denver, kule Colorado, kulikuwa na uwanja wa mashindano hayo unaoitwa Bandimere, kwenye urefu wa karibu mita 1 770, kama milima yetu. Ulifungwa mwaka 2023. Wakimbiaji waliotoka nchi za chini walijua kwamba wakifika pale injini itapoteza nguvu, na kama wako na karbiratere ni lazima kubadilisha jikleri. Kwa mtu kama huyo injeksiyo ni pumziko la kweli. Lakini iko na garage yenye umeme, iko na esansi safi, iko na kompyuta ya kuandikia kalkilateri namba zake, na pikipiki ikikataa anaipandisha kwa gari na kurudi nyumbani kula. Hakuna minervali ya mtoto inayongojea verseman ya jioni ile.

Tena injeksiyo haileti hewa. Inatoa esansi iliyo sawa na hewa iliyopo, basi. Mulimani pikipiki yako itabaki na nguvu kidogo kuliko kule bahari, na karbiratere iliyopangwa vizuri kwa urefu ule itakaribia sana kazi ya injeksiyo. Mtu asikudanganye kwamba 125 itakuwa 200.

Sasa pikipiki yetu. Ili kuiondoa kwenye karbiratere, hautie injekteri peke yake. Unahitaji pompi ya esansi, kalkilateri, kapteri ya kupima mzunguko wa injini, kapteri ya hewa, ya joto, na bomba jipya la kuingizia hewa. Pompi inasukuma esansi kwa nguvu ya karibu bari 3, zaidi ya ile ya pneu ya gari. Tuyo ya karbiratere, ile ya plastiki laini, haikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Ikipasuka, esansi inarushwa juu ya injini ya moto, na nyuma kuko mama amekaa na mtoto. Tungependa watu wafikirie jambo hilo moja hata kama watasahau mengine yote.

Kisha umeme. Pikipiki ngapi kati ya Sake na Masisi zinatembea bila batri? Nyingi. Motari anapiga kiki, ao wenzake wanamsukuma kwenye mteremko, injini inawaka, maisha inaendelea. Karbiratere haiulizi batri. Pompi na kalkilateri zinauliza, na alternateri ya pikipiki ndogo ya zamani ilitengenezwa kwa taa na bujii, haina mengi ya kuongeza. Batri ikikufa usiku kwenye matope, ile akili yote ya elektroniki inakuwa chuma tu.

Kuko pia esansi yenyewe. Inatoka kwenye pipa, inaingia bidoni, kisha chupa ya kadafi kando ya barabara, na njiani inapata maji, mchanga, wakati mwingine petroli ya taa. Karbiratere inakamata uchafu huo, motari anafungua kibakuli chake, anapuliza jikleri kwa kinywa, anaendelea na safari. Matundu ya injekteri ni madogo zaidi, hayapulizwi kwa kinywa. Na wamotari wetu wananunua chupa moja moja, tanki karibu tupu siku nzima. Pompi inayokaa ndani ya tanki inapozwa na esansi inayoizunguka. Tanki tupu ni pompi yenye joto, na pompi yenye joto haichukui miaka.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: pikipiki ya zamani ibaki na karbiratere yake. Makuta ya kubadilisha yatumike kwa vitu visivyopendeza kwa telefone: cheni, breki, pneu za nyuma, filtre ya hewa. Filtre iliyozibwa na vumbi inafanya kazi ileile ya mulima, inapunguza hewa na kuongeza kiu ya esansi. Watu wanalaumu injini, kumbe ni filtre ya miezi minane.

Na jikleri. Kila motari wa njia hii angekuwa nazo mbili mfukoni, moja ya mulima na moja ya Walikale. Ni kitu kidogo kuliko kifungo cha shati. Kubadilisha ni kazi ya tournevis na dakika chache, na kijana anaweza kujifunza kwa siku moja pembeni ya fundi mzuri. Baada ya kubadilisha, tembea kidogo na mzigo, zima, toa bujii, angalia rangi yake. Nyeusi yenye masizi, esansi ni nyingi. Nyeupe, esansi ni kidogo, na hapo usiendelee kabisa. Ile ya kahawa iliyotiwa maziwa ndiyo unaitafuta. Sisi wa Masisi hatuwezi kukosa kujua rangi ya maziwa.

Wengine watasema tunawazuia vijana kuendelea. Hapana. Kijana anayependa injeksiyo tunamtaka sana, lakini ajifunze kwa pikipiki iliyozaliwa nayo. Shule za ufundi ziko, kama Don Bosco Ngangi pale Goma, iliyofundisha vijana wengi kazi za mikono. Na koperative zetu za wachimbaji, ambazo zinakata makato kwa kila kilo, zinaweza kununua chombo cha kusoma makosa ya kalkilateri, kimoja kwa kila centre, na kulipia kijana mmoja ao wawili masomo. Mchimbaji analeta jiwe mpaka mnunuzi kwa mgongo wa pikipiki. Pikipiki ikisimama, hata koperative inasimama. Hatuoni juu ya nini jambo hili liachwe kwa mfuko wa motari peke yake.

Na wewe mama, ao papa, unayekusanya dola kwa kununua pikipiki mpya mwaka huu: muuzaji akikwambia ni ya injeksiyo, usikimbie, uliza. Batri ikikufa, inawaka kwa kiki? Afanye mbele ya macho yako, batri imeondolewa. Pompi na injekteri zinauzwa wapi, Goma ao mpaka Kampala? Taa ya kosa ikiwaka, nani hapa Masisi anaweza kuisoma? Akianza kuzungukazunguka kwa jibu, mwachie pikipiki yake, nenda duka la pili.