Kosa Lisifutwe Kabla ya Kufuatwa

Mtoto akiandika kwamba 62 kutoa 25 ni 43, walimu wengi hutia alama ya kosa, kisha huandika 37 ubaoni na kuendelea. Kwa maoni yangu desturi hiyo humnyima mtoto nusu ya somo. Jibu sahihi halimwonyeshi kwamba aligeuza mamoja, akatoa 2 katika 5. Mafundi wa kompyuta hawawezi kufanya kazi hivyo, na mfano wao mmoja wafaa kuletwa darasani.

Kompyuta nyingi ndogo zitumiazo Linux huanzishwa na programu iitwayo U-Boot, iliyopewa jina hilo mwaka 2002. Aghalabu programu hiyo husoma kiini cha mfumo kilichobanwa kutoka katika flashi, hukiweka kwenye kumbukumbu, kisha hukifumua na kukipanga mahali pengine katika kumbukumbu hiyo hiyo. Mahali hapo pawili pakiingiliana, kazi yaweza kukwama katikati. Fundi asiye na subira huilaumu flashi. Lakini flashi imesomwa tu. Iliyoharibika ni nakala. Ndiyo maana mashine ikiwashwa tena hukwama pale pale, na huo ni ushahidi mkubwa.

Mwalimu hahitaji kompyuta. Achore sakafuni visanduku 16 vyenye namba. Kadi nne zilizobanwa ziwekwe katika kisanduku cha 5 hadi cha 8. Kila kadi ikisomwa huzaa kadi tatu, nazo hupangwa kuanzia kisanduku cha 1. Kadi ya kwanza hujaza 1 hadi 3. Ya pili hujaza 4 hadi 6, wala hakuna hasara, maana zilizokuwamo katika 5 na 6 zimekwisha kusomwa. Ya tatu hujaza 7 hadi 9, ikaifunika ya kisanduku cha 8 ambayo haijasomwa bado. Hapo darasa litapiga kelele, na yafaa liachwe lipige.

Mwalimu asikimbilie kusema kwamba kadi zianzie kisanduku cha 13. Ni kweli 13 ni salama, nasi walimu twapenda mno kanuni zilizo salama. Watoto wazisogeze kadi wenyewe, kisanduku kimoja kimoja, wakiandika kila hatua daftarini. Watakuta kwamba kuanzia 6 kazi huharibika tena katika kadi ya tatu, na kwamba 7 hutosha.