Tableti Haifundishi, Mwalimu Ndiye Anafundisha



Wiki hii picha ileile imepita tena kwenye simu zetu. Mtoto kashika tableti, kanyoosha meno, nyuma yake wageni wamesimama na fulana mpya. Chini wameandika eti mustakabali umefika Cabo Delgado. Basi leo sisi, vijana wa Mocímboa, Palma, Macomia na Quissanga tuliotawanyika Pemba na kwingineko, tunajibu. Tunasema hapana. Haujafika bado. Na tunaeleza kwa nini.

Tuanze na tulichokiona kwa macho yetu. Baadhi yetu tunajitolea kusaidia watoto kusoma. Darasa moja tulilokuwa tunasaidia lilikuwa turubai na miti, watoto zaidi ya mia wamekaa chini. Siku moja ukaja mradi, hatuutaji jina. Wakaleta maboksi, tableti thelathini ndani. Hotuba, picha, makofi. Mchana wageni wakaondoka. Mwalimu akabaki na tableti thelathini, watoto mia na zaidi, na kipande kimoja cha sola kinachotosha kuchaji simu mbili tatu.

Wiki ya kwanza watoto walifurahi, tusiseme uongo. Wiki ya pili chaji ikaisha. Wiki ya tatu tableti zikaanza kudai intaneti ili zifunguke, na pale hata kupiga simu lazima upande kilimani. Masomo yaliyokuwamo yalikuwa ya watoto wa mbali: treni za chini ya ardhi, theluji, Kireno cha Brazil. Mwalimu hakuwahi kupewa hata siku moja ya mafunzo. Mkubwa wa shule, kwa vile yeye ndiye alitia saini na akaambiwa ikipotea moja atalipa, akazifungia kabatini. Ziko humo mpaka leo. Mwezi uliofuata mwalimu alituomba kitu kimoja tu: chaki.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mgeni alikuja. Mwenyeji kapona?

Tunajua watakavyotujibu. Watasema hawa vijana hawataki maendeleo, wanataka kurudi enzi za ubao na fimbo. Jamani! Sisi ndio tunaijua thamani ya simu. Oktoba 2020, mashua zilipokuwa zinashusha watu pwani ya Paquitequete usiku na mchana, ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliotuambia mama yuko hai, mdogo wetu yuko kwa shangazi Metuge. Wapo kati yetu waliomaliza darasa la kumi kwa sababu mwalimu wao, naye mkimbizi kama wao, alikuwa anapiga picha daftari lake na kutuma, kisha anaeleza hesabu kwa sauti, dakika mbili mbili, kwa megas zake mwenyewe. Hiyo ni teknolojia. Na ilifundisha, kwa sababu nyuma yake alikuwapo mwalimu anayejua mwanafunzi wake amekwama wapi.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Chombo hatukikatai. Tunakataa kuanza na chombo. Aanzaye na chombo anauliza: tulete nini? Aanzaye na mtoto anauliza: huyu kashindwa nini? Maswali mawili haya hayaendi njia moja.

Na si sisi wa kwanza kuumwa na nyoka huyu. Kenya, mwaka 2013, serikali mpya iliingia ikiwa imeahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni zikagombaniwa, miaka ikapita, na vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa tableti. Peru nao waligawa laptopu kwa watoto wengi sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliowapima watoto wa shule zilizopata na zisizopata, haukuona tofauti kwenye hesabu wala kusoma. Mashine zilikuwapo, watoto walizitumia, ila ufundishaji ulibaki vilevile. Hata UNESCO, kwenye ripoti yao ya 2023 kuhusu teknolojia na elimu, waliuliza teknolojia hii inaendeshwa kwa masharti ya nani. Sisi tunaongeza: na kwa umeme wa nani?

Maana umeme hapa kwetu ni kidonda. Gesi ya bonde la Rovuma imegunduliwa tangu 2010. Tumesikia hesabu za mabilioni ya dola mpaka masikio yamechoka. Watoto wa Palma wamekua wakisikia habari za Afungi kama hadithi ya jini na hazina. Na bado mtoto wa pwani hii anasoma kwa mwanga wa jua, jua likizama kitabu kinafungwa. Halafu huyohuyo unampa kifaa kinachokula umeme, unamwambia asonge mbele?

Na mtandao ndio usiseme. Tarehe 24 Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, simu zilikatika. Watu wakawa porini na simu mkononi zisizosema kitu. Sisi tulijifunza siku ile: kinachotegemea mnara kinakufa na mnara. Shule yetu ikitegemea mnara, nayo itakufa.

Tukumbushe na tarehe nyingine. Machi 23, 2020, shule zote za Msumbiji zilifungwa kwa sababu ya korona. Siku hiyohiyo, tarehe hiyohiyo, Mocímboa da Praia ilivamiwa. Nchi nzima ikaambiwa masomo yatakuja kwa televisheni na redio. Watoto wa Maputo wakawasha televisheni. Sisi tulikuwa tunafunga godoro kwa kamba. Wakati wengine wanahesabu wiki walizopoteza shuleni, wadogo zetu wamepoteza miaka. Kuna mtoto wa miaka kumi na miwili hapa, mwerevu, anajua bei ya samaki kwa kilo na chenji bila kukosea, lakini jina lake hawezi kuliandika. Huyo ndiye tunamsemea. Huyo hana muda wa kusubiri majaribio ya watu.

Sasa lugha. Mtoto wa Ibo anazungumza Kimwani, wa Mueda Kimakonde, wengine Kimakua, na Palma Kiswahili kinapita kila nyumba. Tangu 2003 Msumbiji inafundisha kwa lugha mbili kwenye baadhi ya shule, na Kimwani, Kimakonde na Kimakua vimo. Uamuzi mzuri. Basi mbona vifaa vinavyoletwa vinakuja na Kireno peke yake, au Kiingereza kabisa? Mtoto asiyejua kusoma unamfundisha kusoma kwa lugha asiyoijua, kwenye mashine asiyoijua. Hiyo ni milima mitatu kwa mpigo. Kireno tunakitaka, ndicho cha mitihani na cha kazi. Lakini daraja linajengwa kuanzia ukingo uliosimama wewe.

Tusibaki kulalamika tu. Yapo yanayofanya kazi, tena si ya bei mbaya.

Kwanza, redio. Zanzibar, miaka ya 2000, kulikuwa na kipindi cha watoto wadogo, Tucheze Tujifunze. Redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa sauti, wanaimba, wanaruka, wanahesabu. Redio moja, watoto wote. Haidai nywila. Mwalimu au dada wa mtaani anakaa nao na kuongoza. Kitu kama hicho kwa Kimwani na Kimakonde kinatushinda nini?

Pili, masomo yasiyodai intaneti. Kambi ya Kakuma kule Kenya wametumia Kolibri, programu inayohifadhi masomo kwenye kompyuta moja, nayo inayagawa kwa vifaa vilivyo karibu hata kama hakuna mtandao kabisa. Mnara ukianguka, somo linaendelea.

Tatu, simu ya mwalimu. Iko tayari mfukoni mwake. Mpeni kadi ya kumbukumbu yenye masomo, spika ndogo, sola ya kuchajia, na megas za mwezi. Mpeni na mafunzo ya siku kadhaa, kisha mtu wa kumrudia baada ya mwezi kumuuliza: wapi umekwama? Kuwarudia ndiko miradi inakokimbia, kwa sababu hakuna picha nzuri ya mtu anauliza umekwama wapi.

Nne, mkileta kifaa, leteni na fundi. Tena mfundisheni kijana wa hapahapa. Tupo wengi, mikono mitupu, tunatengeneza simu barazani kwa bisibisi moja. Na ondoeni hiyo sheria ya kumtoza mwalimu kifaa kikipotea. Kitu kinachoogopwa hakitumiki.

Tano, mtuulize kabla ya kununua. Basi. Hilo halina gharama hata metikali moja.

Na sisi wenyewe tujiseme, maana mnyoosha kidole vidole vitatu vinamrudia. Tunalia megas ghali, halafu tunazimaliza kwenye video za watu wanacheza. Ndani ya kundi hili kuna simu ngapi? Kila simu inarekodi sauti. Bibi zetu wanakaa hapo nje na hadithi za sungura na fisi ambazo wadogo zetu wameanza kuzisahau. Turekodi. Tuziandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Mtoto asikie hadithi kwa Kimwani huku kidole kinafuata maneno. Jumamosi tunakutana palepale chini ya mkorosho, baada ya alasiri. Aje mwenye simu, aje na mwenye kalamu.

Kwa wenye miradi tunamalizia hivi: hatuwafukuzi, karibuni. Lakini mkija safari hii, kamera iacheni ndani ya gari. Kaeni chini na watoto kipindi kizima, mpaka mwisho. Mtaona mwalimu anafundisha watu mia kwa sauti iliyokauka na ubao uliopasuka. Mkishamwona, muulizeni yeye anataka nini. Kisha nendeni mkanunue hicho.

Ukikubaliana nasi, itume mbele. Ukikataa, andika hapo chini, tutakujibu kwa adabu.