Nywele Ziacheni

Msanii wa panki akipanda stejini na wigi la manjano na suruali ya kubana, akaanza kuwaigiza wale majamaa wa glamu-metali wa miaka ya 80, mashabiki hugawanyika hapo hapo. Wa panki wanashangilia. Wa metali wananuna: ati huyu wa kordi tatu anamcheka nani?

Zii. Wote wamekosa shabaha.

Poison na Mötley Crüe wanastahili kuchekwa, hilo sibishi. Lakini mbona kichekesho ni lipstiki na nywele kila siku? New York Dolls walijipodoa na kuvaa nguo za kike kwenye jalada la albamu yao ya kwanza, 1973. Mwaka wa 1975 Malcolm McLaren alikuwa nao Marekani, kisha akarudi London kuwasimamia Sex Pistols. Panki na glamu-metali wamenyonya ziwa moja. Mpanki anayecheka lipstiki anamcheka nyanyake.

Tena ukimcheka mwanamume kwa kufanana na mwanamke, unayemtukana ni mwanamke. Huo si uasi. Hata wale wakorofi wa shule ya msingi wanauweza.

Unataka kuwachoma kweli? Fungua video ya Whitesnake ya 1987, mwanamke anavyogaagaa juu ya boneti za magari kama pambo la showroom. Wimbo mzima, yeye ni kiungo tu cha kuuza ndoto za wanaume.

Choma hapo. Nywele ziacheni.