MISAADA YA WAZEE NA MSHAHARA WA MLEZI



Kila zinapotangazwa fedha za msaada kwa vyama vinavyotunza wazee, sisi hufurahi, maana wazee hao ni wenzetu. Wengi walifanya kazi bandarini, relini na mashambani miaka thelathini na zaidi. Walikatwa fedha za N.S.S.F., mfuko ulioundwa mwaka 1965, na kwa miaka mingi mfuko huo ulimpa mstaafu kitita kimoja tu, si malipo ya kila mwezi. Kitita kikaezeka nyumba, kikalipa karo ya mjukuu, kikaisha.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zake na ya Serikali. Katiba hiyo hiyo yamhesabu mtu kuwa mzee akipita miaka 60. Lakini fedha za wazee za Inua Jamii, Shs. 2,000/- kwa mwezi (nazo huchelewa), zimewekewa umri wa miaka 70. Je, miaka hiyo kumi mzee ale nini? Hapo ndipo vyama vya hisani, misikiti na makanisa hubeba mzigo.

Hatulalamiki kwamba misaada ni midogo. Twalalamikia jinsi inavyotolewa. Mfadhili hupenda kitu cha kupigwa picha. Katika nyumba moja ya wazee tuliyoitembelea tulikuta viti sita vya magurudumu, vipya kabisa, vimefungiwa stoo. Kijana aliyekuwa akivisukuma aliachishwa kazi, kwa kuwa barua ya msaada ilikataza fedha zile kulipa mishahara. Usiku yuko mama mmoja kwa wazee kumi na wanane. Huwageuza wasipate vidonda, huwaosha, huwapa dawa, na alikuwa hajalipwa miezi miwili. Tulimwuliza kwa nini haendi zake. Akasema, "Nikienda, Babu atageuzwa na nani?"

Mwenye kumtumia mtu namna hiyo, hata akiwa mtu wa dini, ni mwajiri, nasi twamwita kwa jina hilo.

Tena msaada ni wa mwaka mmoja, na uzee hauishi kwa mwaka mmoja. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga shirika lake la U.S.A.I.D., watumishi wengi wa afya hapa Kenya walipoteza kazi kwa muda mfupi. Anayetegemea mfuko wa ng'ambo peke yake amejenga juu ya mchanga. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024 tu, yavipa vyama hivi nafuu ya kodi. Vyema, lakini nafuu ya kodi haipiki uji.

Twataka kila Kaunti itenge fungu la nyumba za wazee katika bajeti yake, kwa ahadi ya miaka mitatu angalau. Na kila msaada, wa Serikali au wa mfadhili, uwe na sehemu ya mishahara isiyopungua kima cha chini cha sheria.

Watakuwapo watakaosema Chama chataka kula fedha za wazee. Waje walale zamu moja ya usiku na yule mama, kisha tuzungumze.

Makatibu wa matawi waandike majina ya walezi wote wa nyumba za wazee katika sehemu zao, na mshahara wa kila mmoja, wayalete ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.