Usiiuze Altezza kwa Ajili ya Macho ya Watu



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mkutano wetu ulichelewa kuanza kwa sababu ya gari. Mmoja wetu, kijana anayejipatia riziki kwa kutengeneza magari ya watu hapa Lubumbashi, alitangaza kwamba ameamua kuiuza Altezza yake ya mwaka 1999, aongeze fedha, anunue Mark X ya mwaka 2010. Wengi walimpigia makofi. «Sasa umekuwa mtu,» mmoja akasema. Mimi sikupiga makofi, na tangu siku ile nimeulizwa mara nyingi kwa nini. Mwenyewe ameniruhusu niandike, mradi nisimtaje jina. Basi ninajibu hadharani, kwa kuwa wengi wenu mnangojea zamu yenu ya likelemba mkiwa na nia ileile.

Ninasema hivi: mabadilishano ya namna hii, jinsi yanavyofanywa kwetu mara nyingi, ni hasara iliyovikwa vazi la maendeleo. Na neno lile, «sasa umekuwa mtu», ndilo lililonichoma zaidi. Kwani jana alikuwa nini?

Tuanze na gari lenyewe, maana wengi huzungumza juu ya magari bila kuyajua. Toyota Altezza ilitoka Japani mwaka 1998. Jina lake ni la Kiitaliano, nalo humaanisha kimo, ukuu. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo, Nobuaki Katayama, alikuwa amefanya kazi katika magari ya mashindano, akataka gari dogo la milango minne ambalo dereva wa kawaida angeweza kulifurahia. Wajapani wenyewe walilipa tuzo ya gari la mwaka. Huko Ulaya na Marekani liliuzwa kwa jina la Lexus. Lile la kijana wetu ni RS200: injini ya lita 2, mitungi minne, gia sita za mkono, nguvu za farasi 210. Hata taa zake za nyuma ziliigwa na vijana wa nchi nyingi, wakazifunga katika magari yasiyohusiana nayo kabisa.

Hilo ndilo gari ambalo baadhi yenu mnaliita «chuma cha zamani».

Sasa tulitazame lile la kupandia cheo. Mark X ya mwaka 2010, yenye injini ya lita 2.5 na mitungi sita, ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 203. Someni tena: 203. Kijana wetu anatoa fedha nyingi ili apoteze farasi saba! Tena Mark X ina uzito wa takriban kilo 1,500, na Altezza takriban 1,350. Gawanyeni wenyewe: katika Altezza kila farasi mmoja hubeba kilo sita na nusu hivi, katika Mark X hubeba zaidi ya saba. Na gia za mkono alizojifunza kwa miaka mingi ataziacha, kwa maana Mark X zinazotufikia hubadili gia zenyewe.

Nisiwe mdhalimu lakini. Farasi 210 wa Altezza hawaji bure. Huonekana injini inapozunguka mara 7,600 kwa dakika, na mjini, katika foleni na mashimo, hakuna afikaye huko. Injini ya mitungi sita huvuta vyema zaidi kwa mwendo mdogo, ni tulivu, na haimchoshi dereva katika safari ndefu. Mark X hutumia mnyororo mahali ambapo Altezza hutumia mkanda wa injini, nao mnyororo hauhitaji kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Viti vyake ni vipana zaidi, na mama mzee aketiye nyuma atashukuru. Ambaye angetuambia, «ninabadilisha gari kwa sababu mama yangu ana maumivu ya mgongo», ningempigia makofi mimi wa kwanza. Lakini hakuna aliyesema hivyo Jumapili ile. Walisema juu ya mwendo, na juu ya kuonekana.

Juu ya mwendo nina neno moja tu. Magari haya yote mawili yalitengenezwa kwa barabara za Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto. Usukani uko kulia. Sisi twaendesha upande wa kulia. Yeyote aliyewahi kusafiri kwenda Likasi nyuma ya lori la madini anajua maana yake: ili uone kama njia ya mbele ni tupu, sharti utoe nusu ya gari upande wa wanaokuja, au umtegemee abiria akuambie «pita!». Mark X haiondoi upofu huo hata kidogo. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, kutoka 60 hadi 120, nguvu za mgongano haziongezeki mara mbili bali mara nne. Gari lipya halijabadilisha hesabu hiyo, na halijabadilisha barabara.

Nije kwenye matengenezo, na hapa ninasema na fundi, si na mtazamaji. Altezza hii ameifungua na kuifunga kwa mikono yake. Anajua sauti yake ya asubuhi. Anajua ni mpira upi wa miguu ya mbele uliochoka, na ni plagi ipi iliyobadilishwa lini. Aliinunua ikiwa mbovu, akajifunzia humo ufundi ambao leo unamlisha. Mark X ni elimu nyingine. Katika injini yake ya lita 2.5, petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya mtungi kwa shinikizo kubwa. Ni ufundi mzuri, lakini una gharama yake: petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo haizioshi, na masizi hujikusanya juu yake mwaka baada ya mwaka. Toyota wenyewe, katika injini ya lita 3.5 ya gari hilohilo, waliweka njia zote mbili za kupuliza. Tena pampu ya shinikizo kubwa haipendi petroli chafu, na ninyi nyote mnaijua petroli inayouzwa katika madumu kando ya barabara. Gari lililozaliwa mwaka 2010 si jipya hata kidogo. Limetumikia mabwana wengine, likapanda meli hadi Dar es Salaam, likavuka Tunduma na Zambia yote hadi Kasumbalesa, na hakuna ajuaye kwa hakika lilivyotunzwa.

Basi kijana wetu anauza ubovu anaoujua ili anunue ubovu asioujua. Huo ndio uhalisi wa jambo hili, na mng'ao wa rangi hauufuti.

Tuhesabu fedha. Altezza, alituambia, atapata dola 3,500. Mark X ataipata kwa 8,000. Tofauti ni 4,500, bila kutaja nambari za gari, bima na karatasi nyingine. Katika fedha hizo, 1,500 ni akiba yake, 1,000 ni zamu yake ya likelemba, na 2,000 ni mkopo kutoka kwa kaka yake mkubwa, ambaye ana watoto wanne shuleni. Nilimwomba aandike pembeni kila kitu ambacho Altezza yake inahitaji: mkanda wa injini na pampu ya maji, mipira ya miguu, vizuia mitikiso vinne, klachi, breki, magurudumu manne mazuri. Kazi ni ya mikono yake mwenyewe, hailipiwi. Tulipojumlisha, orodha yote haikufika nusu ya tofauti ile. Kwa maneno mengine, kwa akiba yake pekee, na zamu yake ya likelemba, bila kumgusa kaka yake, angekuwa na gari zima, imara, analolijua hadi msumari wa mwisho. Alitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema: «Lakini, mzee, bado litakuwa Altezza.»

Naam. Hapo ndipo tulipofika kwenye mzizi. Gari halikukosa kitu. Kilichokosekana ni macho ya watu.

Sitaki mdhani kwamba ninawahubiria kupenda vya kale kwa kuwa ni vya kale. Kuna kijana wa aina nyingine, nanyi mnamfahamu: yule ambaye gari lake la zamani limekuwa mke, mtoto na bwana kwa pamoja. Kila franka huishia humo. Analipaka rangi mara ya tatu na mdogo wake hana viatu vya shule. Huyo naye ameshikwa na macho ya watu, ila ya watu wengine: ya wale wapendao kuambiwa «hakuna tena gari kama hili mjini». Nami nasema wazi: ikiwa kutu imekula chini ya gari hata mahali pa kufungia miguu hapana imara, ikiwa vipuri havipatikani tena ila kwa bei ya kuangamiza, ikiwa familia imeongezeka nawe unawabana watoto kama magunia, basi liuze, wala usilie. Na kwa jumla gari la miaka ya karibuni humlinda abiria vyema zaidi katika ajali. Hoja hizi ni za kweli. Anayebadilisha gari kwa hoja hizi, na kwa fedha zake, hanipingi wala simpingi.

Lakini bado sijasema lililo zito kuliko yote. Wote tulijadili gari litakalonunuliwa. Hakuna aliyeuliza juu ya lile litakalouzwa. Litakwenda kwa nani?

Nilimwuliza. Mnunuzi amekwisha kupatikana: kijana wa miaka 21, jirani, anayetaka kuanza kazi ya kusafirisha abiria. Dola 3,500 ndizo zote alizo nazo yeye na mama yake. Basi nikamwuliza fundi wetu: mkanda wa injini ulibadilishwa lini? Akajibu: haujabadilishwa tangu gari lilipofika. Kilomita ngapi? Nyingi kupita kiasi. Nikauliza: mnunuzi anajua? Akanyamaza.

Vijana, mkanda ule ukikatika njiani, injini husimama papo hapo, na yaweza kuharibika isifae tena. Kwa mwenye Mark X litakuwa jambo la kusimuliwa. Kwa kijana yule itakuwa fedha zote za nyumba yao, zimekaa kando ya barabara. Na aliyemwuzia ni fundi. Hawezi kusema hakujua. Wapo hata wanaofanya baya zaidi: huirudisha nyuma saa ya kilomita, huziba uvujaji kwa siku mbili, humwaga mafuta mazito ya injini ili moshi usionekane siku ya kujaribu, kisha hupokea fedha kwa mikono miwili na kusema «Mungu akubariki». Mtu wa namna hiyo hakupanda cheo. Amempandia mwenzake mgongoni.

Huu ndio ugomvi wangu na makofi ya Jumapili. Tulishangilia gari ambalo robo yake italipwa na kaka mwenye watoto wanne, na karibu nusu yake na jirani ambaye hajaambiwa ukweli. Sisi, tunaokutana kila juma kuzungumza juu ya kupendana, hatukuona watu hao wawili. Tuliona taa za mbele tu.

Kwa hiyo, kila mmoja anayetaka kubadilisha gari lake la zamani kwa jingine la mwendo na la kisasa, ajibu kwanza maswali matatu, tena kwa kalamu na karatasi. La kwanza: gari hili la sasa limeshindwa kazi gani hasa, nami nimetafuta kulitengeneza kwa kiasi gani? La pili: fedha ya nyongeza ni ya nani, na ni nani atakayelala njaa nikichelewa kuirudisha? La tatu: yote ninayoyajua juu ya gari ninaloliuza, je, naweza kuyasema mbele ya mnunuzi na mama yake? Anayeweza kuyajibu yote matatu, na anunue, nasi tutamsindikiza kwa furaha. Asiyeweza, na asubiri.

Kwa kijana wetu nimalizie, kwa kuwa atasoma haya pamoja nanyi. Fedha za Altezza zinapaswa kutolewa Jumamosi. Sikuzuii kuuza, gari ni lako. Lakini zimebaki siku nne, na mkanda mpya pamoja na pampu ya maji si vitu vya kukushinda wewe. Uvifunge kabla ya Jumamosi. Au, kama huna fedha, umwite jirani yule, ufungue boneti, umwonyeshe kwa kidole, mpunguze bei. Kisha, mkimaliza, uniambie kama bado unaitamani Mark X. Mimi nitakuja Ijumaa jioni kukushikia taa.