LORI HALINA MWENYEWE?

Kila mara lori linapokamatwa katika mkoa wetu wa Songwe, Wahabeshi wamejazwa ndani kama magunia ya mahindi, twaambiwa idadi yao, twaambiwa dereva amefikishwa mahakamani, kisha habari inakwisha. Mwenye lori hatajwi. Aliyepokea nauli kule Ethiopia hatajwi. Anayewangoja Johannesburg ili amaliziwe fedha yake hatajwi. Ndugu wanachama, twauliza: je, hilo lori halina mwenyewe?

Njia yao si siri. Vijana hao, wengi wao kutoka kusini mwa Ethiopia, sehemu za Hadiya na Kambata, huingia Kenya kwa Moyale, hufika Nairobi, kisha huvushwa kwa njia za panya za Taveta, Tarakea au Horohoro. Tokea hapo wanafuata barabara zetu wenyewe: Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya. Mbeya njia inagawanyika. Wengine hupelekwa Kasumulu kuingia Malawi (mpaka ule nao huitwa Songwe upande wa pili, na waandishi wa mjini hawakomi kuuchanganya na mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2016). Wengine huja Tunduma, wavuke Nakonde, waende Lusaka na mbele zaidi hata Afrika Kusini.

Si wote wafikao. Mwezi wa Juni 2012 maiti zaidi ya 40 zilikutwa zimetupwa porini Chitego, Wilaya ya Kongwa, watu waliokosa hewa ndani ya lori. Tarehe 24 Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64, waliobaki hai 14 tu. Oktoba 2022 kaburi la pamoja lilifukuliwa Mzimba, Malawi. Desemba ya mwaka huo huo maiti 27 zilikutwa zimetupwa Ngwerere, kando ya Lusaka. Mtu aliyekwisha kulipa nauli, akifa njiani, kwa wafanyabiashara hawa ni takataka ya kutupwa kabla ya kufika mizani. Maneno haya ni makali, lakini hatuna mengine yaliyo ya kweli zaidi.

Wapo wenzetu wasemao: hawa ni Waafrika, mipaka ilichorwa na wakoloni, mbona tuwazuie? Hoja hiyo hatuidharau, maana sisi wa Tunduma mpaka umekatiza katikati ya soko letu, na mtu ana shangazi Nakonde. Tena historia yatukumbusha kwamba mwaka 1962 Nelson Mandela aliipita njia hiyo hiyo kwa kuigeuza: alitoka Afrika Kusini kwa siri bila pasipoti, akatua Mbeya, akaonana na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam, akaendelea Addis Ababa. Lakini Tanganyika haikumtoza nauli wala haikumfungia ndani ya tangi. Ilimpa karatasi ya kusafiria yenye jina lake. Huo ndio ukarimu. Kumlaza kijana chini ya shehena na kumwambia asikohoe, kisha kumpigia simu baba yake aongeze fedha ndipo mwanawe aachiliwe, si udugu wa Kiafrika. Ni unyonyaji, na tofauti yake na ule wa zamani ni rangi ya mnyonyaji tu.

Sasa, Serikali zetu zimekwisha kuahidiana mengi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 juu ya magendo ya wahamiaji unasema wazi kwamba mhamiaji hashitakiwi kwa kule kuwa amesafirishwa kwa magendo; anayetafutwa ni msafirishaji. Kweli, mkataba huo hauzuii nchi kutumia sheria zake za uhamiaji, na huo ndio mlango tunaoutumia. Kijana anafungwa kwa kuingia nchini bila kibali, na akimaliza kifungo aweza kukaa tena gerezani kwa kukosa nauli ya kurudi kwao, mpaka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limtafutie ndege. Chakula chake kinalipwa na mkulima wa kahawa wa Mbozi. Ushahidi wake, jina la aliyempokea Nairobi, namba ya simu ya aliyemlaza Mbeya, haumsaidii yeyote.

Na nchi yetu ndiyo iliyo mahali pazuri pa kuukusanya. Wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki wana umoja wao, ambamo Ethiopia na Kenya zimo. Wale wa kusini wana wao, ambamo Zambia, Malawi na Afrika Kusini zimo. Tanzania imo katika yote miwili. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa na Marais Magufuli na Lungu mwezi wa Oktoba 2019, kimewaweka maofisa wa pande mbili chini ya paa moja. Kimerahisisha kazi ya kupitisha shaba na mafuta, nasi twashukuru. Twataka paa hilo hilo litumike kufuata fedha: nani alituma, nani alipokea, kwa jina la nani lori limeandikishwa.

Juu ya Wazungu wanaotoa fedha za semina na magari ya doria, hatuna ugomvi nao. Ila semina kumi hotelini hazilingani na jalada moja la kesi lililosafiri kutoka Mbeya mpaka Nairobi na kurudi na majibu.

Yabaki ya kwetu, na hapa tusijifiche. Mhabeshi haijui njia ya kupita nyuma ya Chapwa. Anaonyeshwa. Nyumba anayolala ina mwenye kodi, pikipiki inayombeba ina mwenye kijana, na pengine kijana huyo ana kadi ya chama mfukoni. Mabalozi wa mashina Mpemba, Chapwa na Majengo wanajua nyumba ipi hununua mikate hamsini na haina watoto. Twawaomba wataje nyumba hizo kwa Uhamiaji mapema, watu wangali hai ndani yake. Na kesi ijayo itakapotajwa mahakamani Vwawa au Tunduma, wanachama wenye nafasi waende, wakae, wasikilize kama jina la mwenye lori litasomwa.