Dawa Imfuate Dereva Njiani

Nchi yetu ilipojitawala mwaka 1961, chama kilitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mkoloni alipanda meli akaenda zake, lakini maadui hao hawakupanda pamoja naye. Leo twataka kusema juu ya huyo wa tatu, na mahali anapovizia usiku: kando ya barabara kuu iendayo kusini.

Barabara hiyo yatoka Dar es Salaam, yapita Bungu, Kibiti na Ikwiriri, kisha yavuka mto Rufiji kwenda Lindi na Mtwara. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, malori yalingoja kivuko pale Ndundu. Daraja hilo la meta 970 liliondoa foleni ile, lakini kungoja hakukwisha. Mwezi Mei 2024 mafuriko yalipoikata barabara huko Somanga, wilayani Kilwa, malori yalikwama tena. Hata siku za kawaida dereva na utingo wake hungojea mzigo, vipuri au amri ya tajiri, wakalala garini mbali na jamaa zao.

Penye kungoja hapakosi biashara. Mama lishe hupika wali. Watu wa delta hupanda mashua hadi Nyamisati, wakaja Kibiti kutafuta riziki. Na wapo wanawake ambao umaskini umewafikisha kuuza miili yao. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wamekuwapo watu wasemao kwamba dereva ni mhuni, na mwanamke wa kando ya barabara ndiye chanzo cha balaa. Sisi hatukubali. Matusi hayajapata kuponya kaswende.

Tutazame hali ilivyo. Lori laingia jioni, zahanati imefungwa. Laondoka alfajiri, zahanati haijafunguliwa. Dereva mwenye kisonono hununua vidonge dukani bila kupimwa, akameza nusu, ugonjwa ukawa sugu, naye akaupeleka nyumbani kwa mke asiye na habari. Mwenzake anayetumia dawa za kufubaza VVU huchukua za safari ya siku tano. Safari ikawa ya siku ishirini. Hapo hasara ni kubwa, maana leo yajulikana kwamba mtu amezaye dawa hizo kila siku, hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Dawa zikikatika, ngao hiyo yaweza kuvunjika, kwake na kwa mwenzake.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, halmashauri za Kibiti na Rufiji ziweke huduma za usiku pale malori yanapolala: vipimo, kondomu na matibabu, na dereva apewe dawa bila kuambiwa arudi alikoandikishwa. Huduma hiyo iwe pia ya mama lishe na ya mwanamke yeyote afikaye, bila kuulizwa maswali ya kumwaibisha. Pili, matajiri wa malori watoe nafasi ya kupumzika na ruhusa ya kwenda kliniki, wala wasimbague mgonjwa. Sheria ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi huo. Tatu, vyama vya wafanyakazi viyadai haya katika mikataba, na matawi ya chama yasimamie utekelezaji.

Nawe ndugu dereva una wajibu wako. Tumia kondomu. Pima, na mwenzi wako apime. Ukihofu kwamba umeambukizwa VVU, wahi kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita, kwani dawa ya kuzuia ipo.

Hakuna tajiri mwenye akili anayeruhusu lori liondoke bila kukaguliwa breki. Basi na mtu aliyeshika usukani apewe walau uangalizi huo. Mizigo ya taifa imo mikononi mwake. Afya yake ni kazi yetu sote.